Masta Anazungumza na Kuku

Hosteli ya chuo, ghorofa ya pili
Tarehe 5 Machi

Mpenzi Baba Chiriku,

Nimefika salama. Mizigo nayo imefika salama, isipokuwa yale mayai uliyonichemshia, ambayo niliyamaliza hata basi halijatoka nje ya mji.

Nakuandikia barua kwa sababu simu ya hosteli ni moja, iko mwisho wa ukumbi, na vijana wameipangia foleni kutwa nzima. Halafu wewe nawe ukishika simu unaongea kama bado wewe ni masta wa stesheni unatangaza treni. "Nimekusikia. Sawa. Kwaheri." Kimya. Mimi hata sijakaa vizuri kwenye kiti. Kwenye karatasi angalau huwezi kunikatia.

Darasani mimi ndiye mkubwa kuliko wote. Wengine ni watoto wanaokwenda kusoma ng'ambo, wananiita Mama. Hata mwalimu, ambaye ningeweza kumzaa, ananiita Mama halafu ananisahihisha matamshi. Lugha ya huko tuendako ina sauti moja inayotokea kooni, kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Jana niliambiwa nijitambulishe. Nilikusudia kusema mimi ni mshonaji. Darasa zima likacheka. Mwalimu akanieleza kwamba nimesema mimi ni mto. Sikumuuliza ni mto wa maji au wa kulalia.

Bado naona kama ndoto. Mimi, fundi cherehani wa mtaani, chuo cha nje kinaniita nikawafundishe watu wao kukata na kushona, tena miaka miwili mizima. Miezi hii mitatu ya kujifunza lugha ikiisha narudi nyumbani wiki moja tu, kisha Juni naondoka. Kwa hiyo nyumba lazima iwekwe sawa na wewe, na nitakuwa nakuelekeza kwa barua.

Kwanza paa la jikoni. Linavuja pale juu ya meza, na ukiweka sufuria chini yake hujalitengeneza, umelihamisha tu. Pili, hati ya nyumba ipelekwe kwa mwanasheria, isikae tena chini ya godoro kama tunaficha mali ya wizi. Vyerehani vyangu vibaki vimefunikwa mpaka nije mwenyewe nimkabidhi yule mwanafunzi wangu wa zamani. Kuku wako najua huhitaji kukumbushwa, maana unawasalimia kabla ya kunisalimia mimi.

Sasa jambo zito: kupika. Hutaishi miaka miwili kwa chai na mkate. Wali unataka maji machache kuliko unavyodhani na moto mdogo kuliko unavyopenda. Shati jeupe lisifuliwe na soksi. Chiriku atakuwa anapita jioni akitoka kazini zahanati, lakini usimgeuze binti yetu kuwa mpishi wako. Ana mume wake na ana nyumba yake.

Na usikae kimya. Nijibu kwa sentensi ndefu.

Mkeo,
Fundi

*

Nyumbani
Tarehe 12 Machi

Mama Chiriku,

Barua imefika. Paa limezibwa. Hati iko kwa mwanasheria. Kuku wazima.

Nimesoma tena barua yako nikaona pale uliposema sentensi ndefu, basi naendelea. Paa nililiziba mwenyewe. Jirani alinishikia ngazi huku akinieleza jinsi ambavyo yeye angeliziba, na ngazi ikawa inacheza kila anaponyoosha mkono kuonyesha. Nimeshuka mzima. Mvua imenyesha mara mbili na meza ni kavu.

Wali wa kwanza ulikuwa uji. Wa pili ulikuwa tofali, niliwapa kuku, nao wakautazama tu. Wa tatu Chiriku aliula akasema, "Baba, huu ni wali." Hakusema ni mtamu, lakini aliutambua. Shati jeupe bado ni jeupe upande mmoja.

Nyumba ina nafasi nyingi kuliko nilivyokuwa najua. Zamani nikiwa chumbani nasikia cherehani sebuleni, sasa nasikia saa ya ukutani. Nimegundua haiendi sawa na ile ya mkononi, na sikuwahi kujua, kwa sababu ulikuwa ukiniambia saa wewe.

Alipiga simu dada mmoja wa ofisi ya safari ya chuo chenu. Nilimwambia uko kwenye kozi. Tukazungumza kidogo. Akasema atakutafuta huko huko.

Una hakika hakuna jambo lingine ulilosahau kuniambia? Fikiri taratibu. Mimi nipo tu.

Mumeo,
Masta

*

Hosteli
Tarehe 20 Machi

Mpenzi Baba Chiriku,

Barua yako nimeisoma mara nyingi mpaka wenzangu chumbani wanaijua. Ile habari ya kuku kuutazama wali nimewatafsiria kwa lugha ya huko kama zoezi, na mwalimu amenipa alama nzuri kuliko zote nilizowahi kupata.

Umeniuliza kama kuna jambo nimesahau. Nimefikiri taratibu kama ulivyosema, na kweli lipo: dawa ya paka. Iko kabati la juu, nyuma ya sukari. Zaidi ya hilo hakuna.

Nikuambie kitu, mume wangu. Nilikuwa na wasiwasi jinsi utakavyobaki, lakini barua yako imenituliza. Naona unaweza. Na najua moyoni mwako utafurahi kubaki kwako, na kiti chako, na kitanda chako, na mlango wako wa kufunga jioni. Wewe si mtu wa kuhamahama. Kwa Chiriku kwenyewe ni mwendo wa miguu, lakini hata siku aliyohamia, tulipokula mpaka jua likazama, uliondoka pale pale ukaenda kulala kitandani kwako. Sisemi kwa ubaya. Kila mtu na maumbile yake, na mimi ninayapenda yako.

Hapa baridi imeanza asubuhi, na mwalimu anacheka akisema hii si baridi, tungoje ya huko.

Mkeo,
Fundi

*

Mtaani kwetu
Tarehe 2 Aprili

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi na mume wangu wazima. Nilitaka kukupigia simu, lakini mambo haya hayasemeki huku watu kumi wamekusimamia nyuma wanangoja zamu, kwa hiyo kaa chini usome.

Mama, Baba haeleweki.

Naanzia kwa kuku. Amewagawa. Wote wamekwenda kwa jirani isipokuwa wawili, na hao wawili ndio tatizo lenyewe. Jirani ameniita juzi upande wake wa ukuta akaniambia, "Mwanangu, njoo usikilize." Nikasikiliza. Baba alikuwa amekaa uani anaongea na wale kuku, tena si kwa lugha yetu. Anatoa sauti kooni, ananyamaza kama anayengoja jibu, halafu anarudia. Kuku mmoja akalia, Baba akamwambia, "Vizuri sana." Jirani alinitazama kwa huruma mpaka nikaona aibu.

Nikaingia kwa mlango wa mbele kama sijui kitu. Nikamkuta jikoni, mchana kweupe, jua linawaka, amevaa koti la sufu. Koti zito la mitumba, linafika magotini, na jasho linamtiririka. Nikamuuliza, "Baba, unaumwa?" Akasema, "Nalizoea." Nikamuuliza unalizoea kwa ajili ya nini. Akasema, "Koti likizoewa ni koti zuri." Nilimpima presha hapo hapo. Presha yake ni ya kijana.

Vyerehani vyako havipo. Ameshampelekea yule mwanafunzi wako, na najua ulimwambia asiviguse. Kabati la vyombo liko wazi, vyombo viko kwenye maboksi. Nikimuuliza ananijibu neno moja: "Naweka nyumba sawa."

Na sasa, Mama, sijui nikuambie vipi. Kuna mwanamke. Amekuja mara mbili. Ni mtu mzima mwenye heshima zake, anavaa miwani, na mara ya pili alikuja na futi ya kupimia. Jirani anasema alipima madirisha ya sebuleni kwa ajili ya mapazia, huku Baba akimshikia ncha ya futi. Mapazia yako yana kasoro gani? Nilimuuliza Baba, akasema, "Huyo ni mgeni wangu, utamjua baadaye." Jirani ameshamwambia kila mtu kwamba Fundi hata hajapanda ndege na madirisha yake yameshapimwa.

Mimi siamini la ubaya. Baba yangu namjua. Lakini koti, na kuku, na mapazia, vyote kwa mwezi mmoja, siwezi kukaa navyo peke yangu. Niambie la kufanya.

Mwanao,
Chiriku

*

Hosteli
Tarehe 7 Aprili

Baba Chiriku,

Sikuandikii kwa hasira. Nilikuwa nayo jana, leo imekwisha, imebaki hofu.

Chiriku ameniambia yote. Kuhusu huyo mwanamke wa mapazia nataka jibu, lakini si yeye anayeninyima raha. Kinachoninyima raha ni wewe kukaa uani unasema na kuku maneno yasiyojulikana, na kuvaa koti kwenye joto, na kufunga vyombo kwenye maboksi kama mtu anayehama na haendi kokote. Nimekaa kitandani nikijiuliza: nimemfanya nini mume wangu? Nimekuachia nyumba tupu kwa furaha zangu, nikakuelekeza kupika wali, nikajisifu kwamba umeweza. Kumbe ulikuwa huwezi, ukashindwa kusema.

Basi siendi. Nimeandika barua ya kujiuzulu na asubuhi hii nimeipeleka ofisini kwa mikono yangu. Yule dada wa ofisi ya safari hakuwepo, nimeiacha mezani kwake. Nitamaliza na wiki ijayo nirudi nyumbani. Mapazia yangu yasiguswe.

Nisamehe kwa kuchelewa kuona.

Mkeo,
Fundi

*

Nyumbani
Tarehe 14 Aprili

Mama Chiriku,

Ichukue hiyo barua pale mezani. Usiache mtu aisome. Kesho napanda treni ya asubuhi, nakuja. Mimi si mgonjwa.

Nilitaka kuandika sentensi ndefu lakini posta inafunga.

Masta

*

Hosteli
Tarehe 16 Aprili

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Keti chini na wewe, maana barua yako ilinikalisha na sasa ni zamu yako.

Karatasi ya baba yako na baba yako mwenyewe vilifika siku moja, na yeye aliitangulia. Nilikuwa darasani. Mlinzi wa geti akaja mlangoni akasema, "Mama, kuna mzee nje anakuulizia, lakini kavaa vibaya." Nikatoka mbio. Mwanangu, jua lilikuwa la utosini, na baba yako amesimama getini na koti la sufu limefungwa vifungo vyote, kisanduku mkononi, uso umelowa kama katoka kuoga. Aliponiona alisimama wima, akafungua kinywa, akasema kwa lugha ya huko, na ile sauti ya kooni akiitoa vizuri kuliko mimi: "Habari za asubuhi, bibi. Ningependa kilo moja ya vitunguu."

Sikujua nicheke au nilie. Nikamvua koti kwanza. Tukaenda kukaa kwenye benchi la bustani, nikampa maji, nikamngoja anywe. Kisha nikamuuliza lile lililokuwa kooni.

"Yule mwanamke ni nani?"

"Mwanamke gani?"

"Anayepima madirisha yangu."

"Ah. Ni mwalimu wa shule. Mjane, ana watoto. Mpangaji."

"Mpangaji wa nini, na wewe si upo?"

Akazungusha glasi mkononi. Unamjua akitaka kusema jambo anavyotazama pembeni, kama jibu limeandikwa ukutani.

"Hilo ndilo nimekuja kukuuliza," akasema. "Mimi nipo?"

Ndipo akanieleza. Yule dada wa ofisi ya safari, siku aliyopiga simu nyumbani mwezi wa tatu, alimuuliza, "Baba, na wewe umeshaamua? Mwenzi wa mwalimu anaruhusiwa kwenda naye, nyumba wanayopewa ni ya watu wawili." Baba yako hakuwa amesikia neno hilo. Akamjibu kwamba bado tunazungumza. Akakata simu, akakaa. Akaniandikia ile barua ya kuniuliza kama kuna jambo nimesahau. Na mimi, Chiriku, nikamjibu kwamba nimesahau dawa ya paka.

Nilikuwa sijasahau. Nilijua tangu siku ya kwanza kwamba anaruhusiwa. Nilikaa nalo kimya.

"Kwa nini hukuniuliza?" akasema.

"Kwa sababu ungekubali."

"Sasa kosa liko wapi?"

"Ungekubali kwa ajili yangu. Ungekaa huko dirishani miaka miwili unatazama baridi, hulalamiki, na mimi kila nikirudi kutoka kazini nakuona unavyoikumbuka nyumba yako. Wewe mtu ambaye hulali nje ya kitanda chako."

"Nilidhani umenichoka," akasema. Alilisema hivyo hivyo, bila lawama, kama anavyosema mvua imenyesha. "Nikasema moyoni, amenipikia na kunifulia tangu ujana wake. Amepata nafasi ya kupumzika. Mtu hajialiki kwenye safari ya mwenzake."

"Sasa koti la nini, kama ulidhani nimekuchoka?"

"Ilikuwa endapo utaniita. Nilitaka ukiniita usipate kisingizio. Usiseme nani ataangalia nyumba. Usiseme kuku. Usiseme utaganda, hujui lugha, hujui kupika. Vyote hivyo nilivimaliza kimoja kimoja. Ikabaki wewe kuniita tu."

Kisha akasema jambo ambalo sijawahi kumsikia akilisema katika maisha yetu yote. "Kazi yangu ilikuwa kupeperusha bendera ya kijani ili watu waende. Wakwe, wanafunzi, maharusi, wote nimewapungia. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama na mimi nataka kupanda. Na mimi sikumwambia mtu. Nilikuwa narudi nyumbani nalala kitandani kwangu, watu wakadhani nakipenda kitanda."

Nililia, mwanangu, na watoto wa darasani kwetu walikuwa wanachungulia dirishani, wakadhani nimefiwa.

Halafu nikakumbuka barua yangu ya kujiuzulu.

Tulikwenda ofisini kwa haraka, yeye na kisanduku, mimi na koti. Yule dada alikuwepo. Barua yangu ilikuwa mbele yake, imefunguliwa. Akasema kwa upole, "Mama, nimeshawajulisha wale wa huko. Walisikitika sana. Wamesema watamtafuta mtu mwingine." Baba yako akavuta kiti, akaniketisha, akamwinamia yule dada akasema kwa ile sauti yake ya stesheni, "Binti yangu, barua hii aliandika mke wangu kwa sababu aliambiwa mumewe ana wazimu. Mume ndiye mimi. Nitazame. Nina wazimu?"

Yule dada akamtazama, akatazama na koti mikononi mwangu. Akasema hapana, lakini alichukua muda.

Akawapigia tena. Tulikaa ukumbini tukingoja, na baba yako alikuwa ananishika kiwiko tu. Alipotoka alikuwa anatabasamu. Walikuwa bado hawajampata mtu, wala hawakutaka kumpata. Ila akasema, "Tatizo ni mwenzi. Majina yanafungwa Ijumaa. Pasipoti ya mzee tu inaweza kuchukua mwezi, bado chanjo, bado picha, bado pensheni yake itahakikiwa vipi akiwa nje."

Baba yako akaomba koti. Nikampa. Akatia mkono kwenye mfuko wa ndani, akatoa pasipoti. Akatoa kadi ya chanjo. Akatoa barua ya ofisi ya pensheni. Akatoa picha mbili ambazo ameikazia kamera macho kama anayemkazia abiria aliyepanda treni bila tiketi. Akavipanga mezani, akarudi nyuma hatua moja, akasimama.

Yule dada alicheka mpaka akavua miwani.

Kwa hiyo, mwanangu, tunakwenda wote wawili. Yule mwalimu mpangaji atahamia nyumbani tukishaondoka, na mapazia yangu namruhusu ayatoe kama ana yake. Mwambie jirani habari zote, tena mwambie polepole, umtazame usoni.

Baba yako analala hosteli ya wanaume mpaka kesho. Asubuhi nimemuuliza, "Umelalaje?" Amesema kitanda ni kibaya sana, na amelala kama mtoto.

Mama yako,
Fundi

*

Mtaani kwetu
Tarehe 27 Juni

Baba na Mama,

Shikamooni wote.

Tangu niwaone mkipotelea kwenye mlango wa uwanja wa ndege nina siku kadhaa nimekasirika, na sikujua nimekasirika nini mpaka mume wangu aliponiambia. Nilikuwa nimejiandaa kumtunza Baba. Nilikuwa nimeshapanga ni siku gani namletea chakula, siku gani namnyoa nywele, nimeshamwekea na chumba kwangu ingawa nilijua hatalala. Sasa nina chumba na sina mzee. Ninyi mmeondoka kama vijana, na mimi ndiye nimebaki nawapungia.

Lakini leo nimepita nyumbani kuonana na mwalimu. Watoto wake wamejaa uani. Mdogo kabisa ameketi palipokuwa na cherehani anachora. Nikaingia jikoni nikalitazama paa kwa mazoea. Mwalimu akanitengea chai kama mgeni, kwenye meza niliyokulia, na haikuniuma kama nilivyodhani. Nimemwambia akiwa na mgonjwa aje zahanati moja kwa moja kwangu.

Jirani anawasalimu. Anasema tangu mwanzo alijua ni lugha ya kigeni.

Niandikieni. Baba, sentensi ndefu.

Mwanenu,
Chiriku

*

Huku
Tarehe 14 Julai

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Mama yako yuko kazini na mimi ndiye mwenye nyumba, kwa hiyo barua hii ni yangu. Yeye atatia salamu pembeni jioni, na najua ataandika kuzunguka karatasi nzima.

Chumba chetu ni kidogo na kina dirisha kubwa. Chini kuna duka la mikate, kwa hiyo tunaamka na harufu. Mama yako wanafunzi wake wanampenda mno. Wiki ya kwanza alikuwa anawafundisha kwa mikono zaidi ya maneno, na siku moja alipotaka kusema "kateni taratibu" alisema "lieni taratibu". Darasa zima likajifanya kulia huku linakata, na sasa ndivyo wanavyosalimiana. Anarudi amechoka, anakaa, anavua viatu, ananieleza yote. Mimi napika. Wali wangu hautazamwi tena, unaliwa.

Asubuhi nakwenda sokoni peke yangu. Vitunguu nanunua bila shida, lile somo la kijitabu changu nililijua vizuri. Vitu vingine naonyesha kwa kidole. Watu wa hapa wana subira na mzee anayetafuta neno.

Sasa nikuambie la jana. Ilikuwa Jumapili, tukatoka kutembea, mimi na mama yako, hatuna tunakokwenda. Kwenye kona kuna mama mmoja anauza maua. Akatusalimia, akatuuliza, kwa polepole ili tumuelewe, kama sisi ni mke na mume. Nikasema ndiyo. Akauliza tumeoana lini. Neno la "zamani" nalijua, nimelisoma, lakini lilinitoka kabisa, na mama yako alikuwa anatazama maua, hakuwa na habari. Nikatafuta kichwani, nikashika lililokuwa karibu. Nikasema, "Jana."

Yule mama akapiga makofi. Akawaita wenzake wa meza za jirani, akawaambia. Wakaja kutushika mikono, mmoja akambusu mama yako mashavuni. Wakafunga maua mengi kwa karatasi nyeupe, wakamkumbatisha, na nilipotia mkono mfukoni wakanikatalia. Nikaanza kutafuta maneno ya kuwaeleza kwamba nimekosea, kwamba tuna binti mkubwa, tuna na mkwe.

Mama yako akanivuta mkono. Alikuwa ameshaelewa. Macho yake yalikuwa yanacheka ndani ya yale maua.

"Waache," akaniambia. "Usiwasahihishe."

Tukawashukuru, tukarudi nayo nyumbani.

Baba yako